Gari la kale lipimwe kwa Agosti

Kati ya Desemba na Februari Doha hupoa ikapendeza. Watu hukaa nje hadi usiku mkubwa, vioo vya magari vinashushwa, na gari lenye umri wa miaka arobaini likiegeshwa nje ya kibanda cha chai ya karak halikosi watu wa kulizunguka. Ndiyo miezi ambayo mtu mwenye akili zake timamu huanza kuulizia bei ya Mercedes ya 1983, au Land Cruiser ya mwaka aliozaliwa, akapanga moyoni kwamba hilo ndilo litakalompeleka kazini, sokoni, na shuleni kwa watoto. Mimi ni mkazi wa Abu Hamour, na mipango hii nimeisikia kwa ndugu zetu wengi wa Mombasa, Unguja, Dar na Kampala walioko hapa. Nataka kuwaambia ninavyoamini. Gari la kale linaweza kuwa gari la kila siku, lakini uamuzi huo usifanywe Januari. Lazima gari lipimwe kwa Agosti: saa saba mchana, foleni haisogei, AC imewashwa, na mtoto amekaa kiti cha nyuma.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuwa na mjadala. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa miaka miwili ya mwanzo ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Ikafuata 504, ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Ikaunganishwa Mombasa, ikabeba abiria wa safari ndefu Kenya nzima, zile za safu tatu za viti, watu wamebanana na mizigo imefungwa juu. Magari hayo yalipotimiza miaka ishirini hakuna aliyeyaita ya kale. Yalikuwa magari tu, na kesho yake alfajiri yalikuwa stendi. Addis Ababa ilikuwa vivyo hivyo: Volkswagen Beetle na teksi za Lada za buluu na nyeupe ziliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya nchi nyingine kuziacha.

Lakini tukumbuke kilichoyaweka barabarani. Fundi alikuwa mtaa wa pili, na spea zilikuwa Gerezani kwa mtu wa Dar, au Kirinyaga Road kwa mtu wa Nairobi. Likikwama Chalinze, abiria walishuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, fundi akaitwa, na aliyechelewa kufika kazini alieleweka kwa sababu bosi wake naye aliwahi kukwama palepale. Mwendo ulikuwa wa wastani na barabara haikuwa na njia nne za magari yanayokimbizana. Gari lilikuwa la zamani, lakini kila kitu kililizunguka kwa namna ya kulisaidia. Mtu anayetaka kuishi na gari kama hilo Doha aulize kwanza ni msaada upi kati ya huo anao hapa, na upi aliuacha nyumbani.

Abu Hamour iko upande wa kusini-magharibi wa mji, mtaa ambao kwa miaka mingi Doha nzima ilikuja kununua mboga, samaki na mifugo kwa jumla. Siku hizi ni mtaa wa familia. Kuna Dar Al Salam Mall, kuna shule nyingi, na jirani kabisa kuna eneo la makanisa, ambako kanisa Katoliki la Bibi Yetu wa Rozari lilifunguliwa mwaka 2008 na Ijumaa hujaa watu wa mataifa yote, Wakenya na Waganda wakiwamo. Treni ya mji iliyoanza kazi Mei 2019 haina kituo mtaani kwetu. Usipokuwa na gari unategemea basi, teksi za Karwa, au hisani ya jirani. Kwa hiyo mwalimu, muuguzi au karani aliyekuja na familia hanunui gari kwa anasa. Gari ndilo linalomfikisha kazini, na kazi ndiyo inayobeba kibali chake cha kukaa nchini.

Nina jirani, mtu wa Mombasa, anayefanya kazi ya kutengeneza viyoyozi vya majengo. Januari moja alinibishia hodi baada ya isha akiwa na simu mkononi. "Mzee wangu, tazama hii. Baba alikuwa nayo hii hii." Ilikuwa picha ya Mercedes 240D, lile umbo la W123 lililotengenezwa tangu 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, rangi ya maziwa, viti vya kahawia. Tulikwenda kuitazama usiku uleule. Iliwaka kwa mlio ule wa dizeli unaoanza kwa kugongagonga kisha ukatulia, na jirani yangu akasimama pembeni yake kimya, mkono juu ya boneti, kama mtu aliyemkuta mzee wake yuko hai. Tukazunguka nayo kidogo. Tuliporudi alizima switchi, akatoa ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma.

Muuzaji hakushtuka. Alifungua boneti, akabonyeza kijiti kidogo chenye maandishi ya STOP ubavuni mwa pampu ya dizeli, injini ikanyamaza. Anayezijua gari hizi anajua sababu yake. Dizeli haina plagi za kuwasha moto ambazo ukizikatia umeme injini inazimika. Katika Mercedes hizi kuzima hufanywa kwa mvuto wa hewa unaopita katika vijibomba vyembamba hadi kwenye pampu, na mvuto huohuo, ukipita njia nyingine, ndio unaofunga milango yote minne kwa pamoja. Bomba la mpira likikauka na kupasuka mahali, mvuto unavuja, gari halizimiki au milango haijifungi. Ubovu wenyewe ni mdogo na kuuondoa ni bei ya chakula cha mchana. Kazi ni kujua upo wapi. Kununua gari kama hili ni kujiandikisha kulijua, na usipolijua wewe, utamlipa mtu alijue kwa niaba yako, kila mara.

Sasa joto. Wasomaji walioko Dar na Mombasa huniambia kwamba hata kwao kuna joto. Wana haki, lakini joto la Doha ni jambo jingine. Wastani wa joto la mchana wa Julai unazidi nyuzi 41, na Julai 2010 Doha ilifika nyuzi 50.4. Serikali ya Qatar imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kila mwaka kati ya Juni 1 na Septemba 15. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe inakubali kuwa saa hizo binadamu hafai kufanya kazi nje. Basi fikiria mkanda wa feni umekatika saa sita na nusu, uko pembeni mwa barabara ya Salwa, malori yanapita kwa kasi, na ndani ya gari kuna mama na mtoto. Nyumbani ungefungua boneti ukasubiri lipoe. Hapa kila dakika ya kusubiri ni hatari kwa waliomo ndani.

Gari la petroli lenye kabureta ndilo linaloteseka zaidi. Petroli huchemka ndani ya mabomba yaliyo karibu na injini, pampu ikavuta mvuke mahali pa mafuta, na gari likazima kwenye taa za barabarani bila kutoa taarifa. Halitawaka hadi lipoe, na Agosti halina pa kupoa. Magari mengine ya zamani yalitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ile risasi ikilinda viti vya valvu. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza, ikaacha mwaka 2021. Kwa injini ambayo hedi yake haijawekewa viti vigumu, safari za kasi za kila siku huzila valvu pole pole. Kwa jambo hili dizeli ya jirani yangu ilikuwa chaguo la busara: haina kabureta, haina pointi wala distributa.

Lakini ina feni inayozungushwa na mkanda wa injini. Hili ni jambo ambalo watu wengi hawalitii maanani, nami naliona ndilo zito kuliko yote kwa mkazi wa mtaa wetu. Injini ikiwa inazunguka taratibu, feni nayo inazunguka taratibu. Ukiwa barabara kuu, upepo wa mwendo unaipoza rejeta na sindano ya joto inakaa katikati. Ukiwa kwenye foleni ya shule, umesimama, unasogea urefu wa gari moja, unasimama tena, hakuna upepo wa mwendo na feni imelegea, ilhali hapo ndipo gari linapohitaji hewa kuliko wakati wowote. Kutoka Abu Hamour hadi Al Khor, mwendo wa zaidi ya kilomita hamsini, ni rahisi kwa gari la kale kuliko kilomita tatu za kuwapeleka watoto shule. Na asiyeijua Abu Hamour saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au saa saba shule zinapotoka, aje aone foleni hizo kabla hajatoa pesa yake.

Kuhusu AC jirani yangu alinifundisha mimi, maana ni kazi yake. Gari za miaka ile zilitumia gesi ya R12, ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiweka katika orodha ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwaka 1996, nchi nyingine zikafuata hadi 2010. Leo gari hilo hujazwa R134a, lakini kujaza peke yake hakutoshi. Mafuta ya kompresa lazima yabadilishwe, mipira ya viungo ibadilishwe, na kondensa ya zamani mara nyingi ni ndogo kwa gesi mpya, kwa hiyo ubaridi unapungua wakati ule unapouhitaji. Kisha kuna nguvu ya injini. 240D iliyotoka baada ya 1978 ina nguvu za farasi 72, ikivuta gari la kilo zipatazo 1,400. Kompresa ikishika, sehemu ya nguvu hizo inakwenda kwenye ubaridi, nawe unajaribu kuingia barabara ambayo kila mtu anakimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Nilimsikia akijieleza mwenyewe hesabu hizi, sauti ikipungua.

Tusisahau mpira na plastiki. Gari lililoachwa juani Doha huungua ndani hadi usukani haushikiki. Dashibodi hupasuka, mipira ya milango hukauka, hozi za rejeta huvimba, tairi huchakaa kwa umri hata kama kashata zake bado zimesimama. Betri hufa kwa joto. Kiangazi upepo wa shamal hujaza vumbi kwenye kichujio cha hewa, na unyevu wa Agosti na Septemba huleta chumvi ya bahari inayokula bodi kutoka chini. Anayekaa nyumba yenye karakana iliyofunikwa ana nusu ya tatizo. Wengi wetu tunaegesha barabarani.

Hata hivyo Doha ina kitu kimoja ambacho miji mingi tajiri imekipoteza. Eneo la viwanda, watu wanaliita Sanaiya, haliko mbali na Abu Hamour, na mitaa yake yenye namba imejaa gereji. Mafundi ni Wapakistani, Wahindi, Wasri Lanka, Wafilipino, na vijana wetu wachache. Nilimwona mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akitafuta silinda iliyolala katika injini ya dizeli. Hakuchomeka kompyuta. Injini ikiwa inanguruma alilegeza nati ya bomba la injekta ya kwanza, mlio ukabadilika, akaikaza. Akalegeza ya pili, mlio ukabadilika, akaikaza. Alipolegeza ya tatu mlio ulibaki vilevile. Akafuta mikono na kitambaa, akaonyesha kwa kidole. Injekta hiyo ndiyo ilikuwa haifanyi kazi, na kuipata kulichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai.

Mafundi wa namna hiyo wanazeeka na wanarudi makwao. Vijana wanaowafuata ni wazuri, ila wamezoea gari linaloeleza lenyewe ubovu wake kwenye skrini. Kabureta wanaitazama kwa mashaka, na sina sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa magari wanayoletewa siku nzima hayana kitu hicho. Mwenye gari la kale la kila siku atafute fundi wake kabla hajatafuta gari. Amuulize wazi: hii utaitengeneza? Spea unapata wapi? Kwa Mercedes kuna kituo maalumu cha magari yake ya kale nchini Ujerumani tangu 1993, na Toyota ilitangaza mwaka 2021 kwamba itatengeneza upya spea za Land Cruiser ya 40 Series. Habari hizo ni njema, lakini spea ya kuagizwa ina siku za kusubiri, na siku hizo unakwenda kazini na nini? Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Watu hupiga hesabu ya spea na fundi, wakasahau teksi na gari la kukodi la wiki nzima.

Kila mwaka kuna ukaguzi. Gari likishavuka miaka yake ya mwanzo, huwezi kuongeza muda wa istimara, yaani usajili wake, bila kulipeleka Fahes, kampuni ya ukaguzi iliyo chini ya Woqod, likapimwa breki, moshi, taa, sehemu za chini na matairi. Naunga mkono ukaguzi huo kwa moyo wote, na mpenzi wa magari ya kale anapaswa kuuthamini kuliko mtu mwingine. Gari lisilopita Fahes halifai kubeba familia, liwe na rangi nzuri namna gani. Swali la bima nalo liulizwe mapema, kwa kuwa bima kubwa kwa gari la umri huo haipatikani kirahisi kama kwa gari jipya.

Nimeitaja familia mara kadhaa kwa sababu hapo ndipo msimamo wangu unapokuwa mkali. Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Wengi waliamini chuma kizito cha zamani kingeshinda. Sehemu ya dereva ya Bel Air ilikunjamana, usukani ukamfuata mtu kifuani, na vipimo vya sanamu iliyokuwa ndani vilionyesha kwamba dereva asingepona. Wa Malibu angeumia mguu. Mercedes ya miaka ya 1980 haiko mbali nyuma kiasi hicho, ilikwisha kuwa na sehemu za mbele na nyuma zinazokunjika ili kuwalinda waliomo. Lakini nyingi za aina hiyo hazina mifuko ya hewa, na kiti cha mtoto cha leo kinafungwa humo kwa kulazimisha. Barabara za pete za Doha zimejaa magari makubwa mapya, marefu kuliko kioo chako. Mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari yake mwenyewe. Mtoto wa miaka sita hakuulizwa.

Kwa hiyo nasema hivi bila kuzunguka: ikiwa gari la kale litakuwa gari pekee la nyumba, usilinunue. Hata kama ni la baba, hata kama bei ni ya kutupa, hata kama umelipenda tangu utotoni. Kibarua chako, watoto wako na Agosti ya Doha havitalihurumia, nalo halitavihurumia.

Lakini sitaki kueleweka kwamba mahali pake ni makumbusho. Ninayapenda makumbusho. Kule Al Samriya, ukitoka mjini kwa njia ya Dukhan, Makumbusho ya Sheikh Faisal bin Qassim Al Thani yana magari mengi ya kale yaliyotunzwa vizuri, na yanastahili safari ya siku nzima na watoto. Kwetu, Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yanahifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi. Hayo yameshamaliza kazi yake na yanafundisha historia. Gari ambalo bado linaweza kwenda, likifichwa chini ya turubai, huoza. Petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, tanki hupata kutu, pistoni za breki hukwama, sili za injini hukauka na kuanza kuvuja siku utakayoliwasha. Nimeona watu wakilificha gari miaka wakidhani wanalilinda, kisha wakatumia pesa nyingi kulifufua kuliko ambazo wangetumia kuliendesha.

Wako walioendesha kila siku na dunia ikawajua. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa New York, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kufikia mwaka 2013 alikuwa amekwenda nayo maili milioni tatu, yaani kilomita zipatazo milioni 4.8. Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Ugiriki, aliipeleka Mercedes 240D yake ya 1976 katika makumbusho ya kampuni hiyo mwaka 2004 ikiwa na kilomita milioni 4.6. Watu hutaja majina hayo kama ushahidi kwamba chuma cha zamani hakifi. Mimi nasoma kitu kingine. Gordon alifuata kitabu cha gari bila kuruka, akabadilisha mafuta kwa wakati, na safari yake ya kazini ilikuwa ndefu na ya barabara kuu, injini ikifanya kazi katika joto lake sahihi. Mgiriki alibadilisha injini mara kadhaa, na gari ndilo lililokuwa kazi yake. Wote wawili walikuwa na muda, wakaufanya ule utunzaji kuwa sehemu ya maisha. Mfanyakazi wa Doha mwenye zamu ya saa kumi na mbili na safari ya shule mara mbili kwa siku hana muda huo, na si kosa lake.

Mwenye gari la pili, hata likiwa dogo na la kawaida, hali yake ni tofauti kabisa, na huyo namhimiza anunue na aendeshe. Kuanzia Novemba hadi Machi aende nalo kazini siku zote akitaka. Kuanzia Aprili hadi Oktoba alitoe alfajiri ya Ijumaa kabla jua halijakaza, aliendeshe kwa muda wa kutosha mafuta ya injini yapate moto na unyevu utoke, arudi nyumbani kwa chai. Achague gari ambalo tangu siku yake ya kwanza lilitengenezwa kufanya kazi. Mercedes ya dizeli ni mojawapo. Land Cruiser ya 40 Series, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, ni nyingine, na Ghuba yote inaijua, mafundi wanaijua, spea zipo. Anayependa umbo la kizamani lakini anaogopa uzee atazame 70 Series, ambayo ilianza 1984 na bado inauzwa mpya. Magari ya fahari ya Ulaya yenye silinda nyingi na waya nyingi ayaachie wenye mafundi wao wa kuajiriwa.

Kuna ndoto moja ambayo inabidi niivunje, kwa kuwa nimeisikia kwa wengi: kwamba ukimaliza mkataba utalipakia gari melini uende nalo nyumbani. Magari ya Qatar yana usukani kushoto. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu, na magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini hayaruhusiwi kuzidi miaka minane. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa magari yaliyotimiza miaka 15. Tanzania huyatoza magari ya zaidi ya miaka kumi ushuru wa ziada wa uchakavu. Gari la kale utakalolinunua hapa, hesabu kwamba utaliuza hapahapa, kwa mtu mwingine atakayelipenda Januari.

Jirani yangu hakuinunua usiku ule. Alimwambia muuzaji atarudi, na muuzaji akamwambia itakuwa imekwisha kuondoka. Haikuondoka. Agosti alimpigia simu tena, na safari hii alikwenda na masharti niliyomwandikia kwenye karatasi, ambayo nampa kila anayeniuliza. Likaguliwe saa saba mchana, jua likiwa limesimama. Liwashwe AC hadi mwisho, kisha lisimame likinguruma dakika ishirini bila kusogea, huku sindano ya joto ikitazamwa kila wakati. Baada ya hapo lizimwe, boneti ibaki imefungwa, mkae dakika kumi, ndipo liwashwe tena. Liingizwe barabara kuu na kupandishwa mwendo hadi mwendo wa wengine. Mwisho lilazwe chini usiku kucha juu ya kadibodi safi, asubuhi kadibodi itazamwe ni maji gani yamedondoka na kutoka wapi. Muuzaji alikubali yote isipokuwa zile dakika ishirini. Jirani yangu akamshukuru, akarudi nyumbani, na mkewe anaendelea kuwapeleka watoto shule na Corolla yao nyeupe.